Samaki, Kongwa na Farasi wa Tisa

*Haya ni maneno niliyoyasema kwenye klabu yetu ya sinema baada ya kuitazama filamu "Mongol". Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, nimepunguza mizaha tu.*

Mwenyekiti wa klabu, wazee wenzangu, na ninyi wanangu mliokaa sakafuni kwa sababu viti vimekwisha: asalaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo, hamjambo.

Kabla taa hazijazimwa, mzee mmoja alinishika mkono pale mlangoni akaniuliza, "Mwalimu, huyu Genghis Khan si ndiye aliyeiangamiza Baghdad? Na leo mnatuita tuje kumtazama anavyopambwa?" Nikamwambia, mzee wangu, Baghdad iliangamizwa mwaka 1258 na mjukuu wake, Hulagu. Babu mwenyewe alikuwa kaburini tangu 1227. Mzee akaniangalia, akasema, "Babu, mjukuu, mkono si ule ule?" Akaenda kukaa. Nilibaki na jibu lake kichwani saa mbili zote za picha, na nadhani hotuba yangu yote ni kumrudia yeye.

Kwanza tuelewane tumetazama nini. Aliyeupiga mji wa Bukhara mwaka 1220 hayumo humu. Aliyemo ni Temujin, mtoto wa miaka tisa anayepelekwa na baba yake kutafutiwa mchumba, na picha inafika mwisho kabla ya mwaka 1206, pale makabila ya nyika yalipokutana kando ya mto Onon yakamtawaza jina ambalo dunia nzima inalijua, Genghis Khan. Vita vya kuzivamia nchi za watu vimebaki nje ya mlango.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tuna sheria moja: steringi hafi. Anapigwa kidogo dakika ya kumi, anajifunza ngumi kwa mzee mwenye ndevu nyeupe, halafu anamaliza watu. Huyu steringi wa leo mmemwonaje? Anakamatwa, anatoroka, anakamatwa tena, anauzwa sokoni kama mbuzi, anawekwa kwenye kizimba watu wapite wamtazame. Nimesikia kijana mmoja hapa mbele akinung'unika, "Huyu mbona anaonewa tu?" Mwanangu, umeiona picha vizuri kuliko wachambuzi wengi.

Mkurugenzi wake ni Mrusi, Sergei Bodrov, na ilitoka mwaka 2007. Hilo la Urusi si dogo. Warusi walitawaliwa na warithi wa Genghis Khan kwa zaidi ya miaka mia mbili, na shuleni wamefundishwa kumwona kama tauni. Akatokea mmoja wao akataka kujua mama yake yule mtu alikuwa nani. Walipiga picha Kazakhstan na Mongolia ya Ndani, ambayo iko China. Temujin mtu mzima ni Tadanobu Asano, Mjapani. Jamukha, rafiki yake aliyekuja kuwa adui, yule mwenye kunyoa nusu kichwa na kucheka kifuani, ni Sun Honglei, Mchina. Borte, mke wa Temujin, ni Khulan Chuluun, binti wa Mongolia mwenyewe. Wote wanasema Kimongoli kwa sehemu kubwa, na wapo Wamongolia waliolalamika kwamba shujaa wao kapewa mgeni. Nawaelewa. Lakini mwaka 1956 Hollywood ilimbandika John Wayne sharubu ikamwita Genghis Khan, na jangwa la Utah likaitwa nyika ya Wamongoli. Ukilinganisha na hilo, Mjapani aliyekaa akakariri Kimongoli ni wa kushukuriwa. Kazakhstan ndiyo iliyoipeleka filamu kwenye Oscar, ikaingia tano bora za lugha za kigeni mwaka 2008, na tuzo ikaenda Austria.

Hayo mnaweza kuyapata kwenye simu zenu. Mimi nataka kuzungumzia kitabu.

Karibu yote tunayojua kuhusu ujana wa Temujin yanatoka kwenye maandishi mamoja, Historia ya Siri ya Wamongoli, yaliyotungwa katika karne ile ile ya 13 baada ya yeye kufa. Nakala ya mwanzo ya Kimongoli ilipotea. Kilichokiokoa kitabu ni jambo ambalo watu wa pwani mtalielewa upesi: Wachina wa enzi ya Ming walihitaji wakalimani, wakakiandika Kimongoli kwa alama za Kichina, sauti kwa sauti, ili wanafunzi wajifunze kukitamka. Ni kama tenzi zetu zilivyokaa karne nzima katika herufi za Kiarabu, lugha moja ikivaa kanzu ya nyingine. Mtawa mmoja wa Kirusi aliyekuwa Beijing alikikuta, na tafsiri yake ikachapishwa mwaka 1866.

Nami nilipokisoma, niliingia nikitegemea sifa, kama mtu anayekwenda kusikiliza ngoma ya mfalme. Sikuzikuta. Nilikuta kitabu kinachomwanika mfalme wake. Kinasema alipokuwa mdogo aliogopa mbwa. Baba yake, Yesugei, anamwacha kwa wakwe anasema, tafadhali mwanangu anaogopa mbwa, msimwache watamtisha. Hebu fikirini: watu wanaandika habari za mtu aliyetikisa dunia, wanaona ni muhimu tujue kwamba aliogopa mbwa.

Yesugei hakufika nyumbani salama. Njiani aliwakuta Watatari wanafanya karamu, akashuka kunywa kama desturi ya nyika inavyomtaka msafiri, wakamtambua kuwa ni adui yao wa siku nyingi, wakamtilia sumu. Hilo mmeliona leo. Baada ya hapo ukoo ukahama, ukamwacha mjane Hoelun na watoto wake pale pale kama majivu ya kambi. Kitabu kinasema mama yule alifunga kofia yake, akakaza mkanda, akawa anapita kandokando ya Onon, juu na chini, mchana na usiku, akiokota matunda mwitu na kuchimba mizizi kwa kijiti. Hivyo ndivyo alivyowalea.

Sasa hapa ndipo ninapoanza kugombana na Bodrov.

Ndani ya kile kibanda cha njaa kulikuwa na mama wawili. Yesugei alikuwa na mke mwingine, na mke yule alikuwa na wana wawili, Begter na Belgutei. Siku moja Temujin na mdogo wake Qasar wakavua samaki mdogo anayeng'aa. Begter na Belgutei wakawanyang'anya. Siku nyingine ilikuwa ndege waliyempiga kwa mshale, naye wakanyang'anywa. Wakaenda kushtaki kwa mama. Mama akasema, kwa nini mnafanyiana hivi, hatuna rafiki ila vivuli vyetu, hatuna mjeledi ila mikia ya farasi. Temujin akalisukuma pazia la mlango akatoka. Begter alikuwa amekaa juu ya kilima kidogo akichunga farasi. Mmoja akaja kwa mbele, mmoja kwa nyuma, wamevuta pinde. Begter alipowaona hakukimbia. Alikunja miguu akakaa, akawaomba jambo moja: msilizime jiko langu, msimtupe Belgutei. Wakampiga mishale, ndugu yao wa baba mmoja, kwa sababu ya samaki.

Mama aliwajua walipoingia mlangoni. Aliona nyuso zao. Akawatukana matusi ya mama aliyechanika: akawaita mbwa anayekula kondo lake mwenyewe, akawaita chui, simba, nyoka, akawatajia maneno ya wahenga na methali za wazee moja baada ya nyingine.

Begter mmemwona kwenye filamu? Hayumo. Samaki je? Hayumo. Bodrov amepita kando ya kilima kile kimya kimya, ameshika hatamu ya farasi asilie. Nami naelewa kwa nini. Mtazamaji aliyelipa kiingilio atampendaje mtoto wa namna hiyo? Lakini wale walioandika kitabu walikuwa watu wake mwenyewe, tena waliandika kwa ajili ya nyumba yake. Wao hawakuogopa. Walijua kwamba ukilificha lile tendo, huwezi tena kueleza kwa nini mtu huyu alikuja kuwa mkali namna ile kuhusu mgawanyo wa nyara, mpaka akaweka sheria kwamba asiguse mtu kitu vitani kabla adui hajamalizwa, na kila kitu kigawiwe baadaye. Kwangu mimi, yule ni mtu anayemkumbuka samaki. Hiyo ni fikra yangu, kitabu hakisemi hivyo, lakini nalala nayo.

Kongwa limo, nashukuru. Nilipoliona nilisikia ukumbi mzima umevuta pumzi. Wenzetu wa lugha nyingine wanahitaji maelezo marefu, ubao mzito wenye tundu la shingo na kadhalika. Sisi tunalo neno, na neno lenyewe limebeba njia nzima ya watumwa kutoka bara hadi Bagamoyo. Temujin alivalishwa kongwa na ukoo uleule uliomtupa, wakawa wanamlaza hema moja usiku mmoja, hema jingine usiku wa pili. Ndani ya kitabu anatoroka usiku wa karamu: anampiga mlinzi kichwani kwa kongwa lenyewe, anakimbia, anajitosa mtoni, kongwa linaelea, uso umebaki juu ya maji. Mzee mmoja, Sorqan Shira, anamwona. Anamwambia kaa hivyo hivyo, sitasema.

Halafu kuna kitu ambacho ningekuwa mimi ndiye mwenye kamera nisingekubali kukiacha. Temujin akiwa amelowa, ana ubao shingoni, anaamua kwenda nyumbani kwa yule yule mzee. Ni usiku, kambi ni kubwa, atalijuaje hema? Anakumbuka kwamba nyumba ile kazi yao ni kusukasuka maziwa ya farasi mpaka alfajiri. Basi akatega sikio. Akaifuata gizani ile sauti ya mchi, dubu, dubu, dubu, mpaka akafika. Watoto wa mzee wakamvua kongwa wakalichoma moto, wakamficha nyuma ya nyumba ndani ya mkokoteni wa sufu. Wasakaji walipokuja wakaanza kuitoa sufu, wanakaribia miguu yake, mzee akawaambia, "Joto lote hili, nani angevumilia ndani ya sufu?" Wakashuka, wakaenda zao. Nani kati yenu hajawahi kuokolewa na sentensi moja ya mzee mwenye akili? Nasi si wageni wa visa hivi. Fumo Liyongo alitoka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, mama yake ndiye aliyeuoka na mjakazi Saada ndiye aliyeupeleka. Walinzi hawautaki mkate wa makapi.

Sasa twende kwa Borte, maana najua kina mama hapa ndiye mliyemjia.

Mmeona kabila la Wamerkit walivyovamia. Temujin anapigwa mshale, amelala juu ya farasi hajiwezi, na Borte anampiga yule farasi mjeledi akimbie naye, mwenyewe anabaki akamatwe. Mlipiga makofi. Nami nilitikisa kichwa. Kwa sababu kitabu kinahesabu farasi. Walikuwa tisa. Temujin akapanda mmoja. Mama Hoelun mmoja, amempakata binti yake Temulun. Qasar, Qachiun, Temuge, Belgutei, Boorchu, Jelme, kila mtu na wake. Hao ni wanane. Farasi wa tisa wakamwongoza kwa kamba, awe akiba. Halafu kitabu kinaandika, bila kupaza sauti: Borte hakuwa na farasi.

Akiba, jamani. Kulikuwa na farasi mmoja hana mtu mgongoni na mke amebaki. Kikongwe mtumishi akamficha kwenye mkokoteni wa ng'ombe, ekseli ikavunjika, wakamkuta. Wamerkit walikuwa wanalipiza kisasi, kwa sababu Hoelun naye, miaka mingi nyuma, aliporwa na Yesugei kutoka kwa bwana harusi wao, Chiledu. Ndio maana walipompata Borte walitosheka, wakarudi. Na Temujin akapanda mlima Burkhan Khaldun, akalipigia jua magoti mara tisa, akaushukuru mlima kwa kumwokoa yeye.

Ukisoma hapo unaweza kukifunga kitabu kwa hasira. Mimi nilikifunga. Nilikirudia baada ya siku mbili.

Lakini Bodrov ana jambo lake, na hapa nampa haki yake yote. Baada ya Temujin kugombana na Jamukha na kupigwa vibaya, mnamo mwaka 1187, habari zake zinakatika. Kitabu kile kisichoficha samaki wala farasi kinanyamaza karibu miaka kumi. Anaibuka tena mwaka 1196 akipigana na Watatari upande wa dola ya Jin ya China kaskazini. Alikuwa wapi? Bodrov akaingia kwenye ukimya huo na kujenga gereza. Temujin ameuzwa kwa Watangut, watu wa dola jirani, amefungwa kwenye kizimba ukutani, vumbi limemjaa usoni, hasemi. Mtawa mzee anakichukua kifupa chake kumpelekea Borte na anafia jangwani. Borte anakikuta. Anajiunga na msafara wa mfanyabiashara, na nauli anailipa kwa namna mliyoiona, nisiirudie mbele ya watoto. Anafika, anahonga, anaufungua mlango.

Hakuna hata mstari mmoja wa hayo uliomo kitabuni. Yote ni ya kutunga. Nami nasema ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote katika filamu, maana ni kana kwamba mtu huyu alisoma ile hesabu ya farasi tisa, ikamkaa rohoni, hakuwa na ujasiri wa kuionyesha, akaamua kuilipa kwa njia nyingine. Mwanamke aliyenyimwa farasi anavuka jangwa kwa ngamia za watu kwenda kumtoa aliyemwacha. Na Jochi, mtoto aliyeshukiwa kuwa wa Mmerkit, ambaye jina lake maana yake ni mgeni, filamu inamfanya Temujin ampakate bila swali. Kitabuni swali lile halikuisha. Wana wa Genghis Khan walikuja kutupiana maneno juu yake mbele ya baba yao.

Jamukha nitampitia haraka, ingawa Sun Honglei ameiiba picha, akikohoa tu unamtazama yeye. Wale walikuwa anda, na hapa nina neno pia, ndugu wa kuchanjiana, ila wao walifunga undugu kwa zawadi. Walipokuwa watoto wa miaka kumi na moja hivi walicheza juu ya barafu ya Onon, wakapeana vifupa vya kuchezea. Masika yakaja wakapeana mishale. Mara ya tatu, baada ya Borte kukombolewa, mikanda ya dhahabu. Katika filamu Temujin anamwacha huru mwishoni. Katika kitabu anamwomba warudiane, na Jamukha ndiye anayekataa. Anasema nitakuwa chawa kwenye ukosi wako na mwiba katika pindo la joho lako. Anaomba auawe bila damu kumwagika, na akapewa alichoomba. Hapo pia kitabu kimemshinda Bodrov.

Kuhusu ngurumo, maana mmeniuliza wakati wa chai. Wamongoli kweli waliiogopa ngurumo kuliko upanga. Ile kwamba wote wanalala kifudifudi vitani na Temujin peke yake amesimama ni ya sinema. Ila sikilizeni jibu lake anapoulizwa kwa nini haogopi: hakuwa na mahali pa kujificha, basi hofu ikaisha. Nimelisikia sasa mara ya nne, na kila mara namkumbuka yule mtoto aliyeogopa mbwa.

Wamongolia wenyewe walikatazwa kumsifu kwa miongo mingi chini ya utawala wa kikomunisti. Mwaka 1962 walijaribu kusherehekea miaka 800 tangu azaliwe, wakajenga mnara, na kiongozi wa chama aliyeisimamia shughuli akavuliwa madaraka. Leo ukishuka Ulaanbaatar uwanja wa ndege ni wake, noti kubwa ni zake, na nje ya mji yuko juu ya farasi wa chuma wa mita 40. Kutoka mwiko hadi sanamu, bila kituo katikati. Kitabu ndicho kituo hicho, nadhani, ndiyo maana nakipenda.

Mzee wangu uliyenishika mkono, naona bado umekaa pale karibu na feni. Uliniuliza kama mkono si ule ule. Ni ule ule, mzee. Sina la kukutoa Baghdad, wala Bukhara, wala Samarkand. Bodrov alikusudia kuendeleza kisa hiki, na sehemu zile hazikutoka, kwa hiyo picha yake imetuachia mtu ambaye mkono wake bado haujafika huko. Ila ningetamani angetuonyesha mkono huo ukivuta upinde juu ya kilima, na Begter amekunja miguu.

Nimepewa dakika ishirini, nimechukua zaidi. Tuanze maswali, na tuanze na wewe kijana wa nyuma uliyenyoosha mkono tangu niliposema farasi wa akiba.